Kwa nini harufu ya mchaichai hukimbia, mafuta ya nazi yakabaki?

Bandika birika, tia majani ya mchaichai, funika. Chai haijaiva, jirani wa nyumba ya tatu ameshajua. Huku kwetu Mikindani, Mtwara, ambako mchaichai huota hata pale yanapomwagika maji ya kuogea, jambo hilo halimshangazi mtu. Ila binti wa jirani yangu, ambaye ameanza kutengeneza mafuta ya mwili ya kuuza, aliniuliza swali likanifanya niweke kikombe chini: "Shangazi, mbona mafuta ya nazi tunayachemsha mpaka tui linakatika na hayapotei, lakini ya mchaichai yanatoroka hata kizibo kikilegea kidogo tu? Si yote mafuta?"

Yote yanaitwa mafuta, lakini hayana undugu. Mafuta ya nazi yamejengwa kwa molekuli kubwa, nzito, zinazokaa pale ulipoziweka. Kinachonukia kwenye mchaichai kwa sehemu kubwa ni sitrali, na molekuli moja ya sitrali haifikii hata robo ya uzito wa molekuli ya mafuta ya nazi. Kwa wepesi huo, hupaa. Na huko kupaa ndiko tunakokuita harufu, kwa sababu pua hainusi jani, inanusa kile kilichoruka kutoka kwenye jani kikaingia puani.

Jaribu mwenyewe. Chukua karatasi nyeupe, dondoshea tone la mafuta ya nazi upande mmoja na tone la mafuta ya mchaichai upande wa pili, uiache mpaka kesho. La nazi litaacha doa linalopitisha mwanga. La mchaichai litakuwa limekwenda zake, pengine limebakiza kivuli tu. Hivyo ndivyo ninavyokagua chupa ninazonunua: mafuta ya mchaichai yanayoacha doa zito la grisi yamechanganywa na mafuta ya kupikia. (Usiyapime hivyo mafuta ya msandali, hayo ni mazito kwa asili yake.)

Sasa sikia linalonivutia kuliko yote. Sitrali ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi joto 229 hivi. Birika la chai halifiki huko abadani, maji yanachemka kwa nyuzi 100. Imepaaje basi? Maji na mafuta havichanganyiki, kwa hiyo ndani ya birika kila kimoja kinasukuma mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Misukumo hiyo miwili ikijumlishwa, vyote viwili vinatoka pamoja, hata kabla ya kufika nyuzi 100. Mvuke wa maji unaibeba harufu mgongoni. Kwa njia hiyo hiyo hupatikana sehemu kubwa ya mafuta ya kunukia duniani: mvuke unapitishwa kwenye majani, unapozwa ukawa maji, na mafuta yanaelea juu.

Unaweza kuiona kazi hiyo jikoni. Weka bakuli katikati ya sufuria kubwa, lizungushie maji na majani yaliyopondwa, geuza mfuniko juu chini kisha weka barafu juu yake. Matone yatadondokea bakulini. Utapata maji yanayonukia vizuri na utando mwembamba mno wa mafuta, basi. Usivunjike moyo, kwani kilo moja ya majani mabichi hutoa kama gramu 2 hadi 5 tu za mafuta, hata kwa mtambo mzuri. Kilo nzima, na huenda kijiko cha chai kisijae!

Hapo ndipo yule binti alipoanza kuelewa kwa nini nilimkataza kujipaka moja kwa moja. Tone moja limebeba majani mengi. Mimi niliwahi kulipaka hivi hivi mkononi, nikiamini kitu cha asili hakina madhara. Ngozi iliwaka, ikawa nyekundu, ikawasha siku tatu. Nami ni mtu wa Mtwara, ningepaswa kujua! Korosho ni ya asili, na kila aliyewahi kubangua kwa mkono anajua mafuta ya ganda lake yanavyobabua vidole, ndiyo maana watu hupaka majivu kwanza.

Kwa hiyo tunavioanisha: chepesi na kizito. Mafuta ya nazi, au ya ufuta, ambao Lindi na Mtwara tunaulima kwa wingi, yanayatawanya yale makali ili yasiiangukie ngozi mahali pamoja, na yanapunguza mwendo wa kupaa, harufu ikakaa zaidi. Kipimo changu ni mililita 100 za mafuta ya nazi kwa matone 10 ya mchaichai. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo hiyo ni nusu ya asilimia moja. Karafuu nayo isizidi hapo, maana yujenoli, kile kinachonukia ndani yake, ni kali. Ukitaka zote mbili, zigawane matone hayo 10, usiongeze mengine. Paka kidogo ndani ya mkono, subiri siku moja au mbili, ndipo upake mwilini.

Kwa mafuta ya mgando ya midomo, yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki kwa sehemu tatu za mafuta ya nazi, chombo kikiwa ndani ya maji ya moto. Nta ni ya lazima huku pwani, kwa kuwa mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Mtwara mchana ni zaidi ya hapo. Matone ya harufu yatie baada ya kuepua, mchanganyiko unapoanza kushika. Ukiyatia jikoni yakiwa motoni, umemnukishia jirani.

Asumini haipendi mvuke, moto unaiharibu. Bibi zetu walijua: waliloweka maua kwenye mafuta ya nazi, wakayatoa, wakatia mapya, mpaka mafuta yakashika harufu. Wafaransa wa mji wa Grasse nao walitandaza maua juu ya shahamu baridi kwa sababu hiyo hiyo. Acha maua yanyauke kwanza, maji yake huleta ukungu.

Mafuta ya limau na ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda bila moto usijipake ukatoka juani. Yana kemikali inayoamshwa na jua ikaunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Mafuta ya mkaratusi yawe mbali na watoto, wakiyameza yanaweza kuwaletea degedege. Na mchaichai hufukuza mbu, ni kweli, lakini harufu inapokimbia kinga nayo imekimbia. Huku malaria haijatuacha, lala ndani ya chandarua chenye dawa.

Binti alikuja juzi na chupa zake za kwanza, nzuri, za plastiki angavu, amezipanga dirishani wateja wazione. Nilimwomba azitoe hapo siku ile ile. Akiba yake ya mafuta makali ikae kwenye chupa za kioo cha kahawia, kwa kuwa yakiwa hayajachanganywa hula plastiki. Na mwanga, joto na hewa hubadilisha harufu iwe kitu kingine, chenye kuwasha kuliko mwanzo. Sasa chupa zake zote ni za kahawia, zimo kabatini, na kila moja ameibandika tarehe.