Jane Henson hakuwa msaidizi wa mumewe tu
Imezoeleka kusemwa kwamba vikaragosi vya Sesame Street, kipindi cha elimu kilichoanza kurushwa Marekani mwaka 1969, vilitokana na ubunifu wa Jim Henson peke yake. Dai hilo linamfuta Jane Nebel, aliyekutana naye katika darasa la vikaragosi la Chuo Kikuu cha Maryland na kushirikiana naye tangu 1955 katika kipindi cha Sam and Friends mjini Washington, miaka minne kabla hawajaoana.

Katika kipindi hicho wawili hao waliachana na kibanda cha kujifichia, wakaifanya picha ya kamera yenyewe kuwa jukwaa, huku wakichezesha vikaragosi kwa kutazama runinga iliyowaonyesha kile hasa alichokiona mtazamaji. Hivyo kikaragosi kiliweza kumkaribia mtoto na kuonyesha hata hisia ndogo usoni. Mbinu hiyo, ambayo naiona kuwa na uzito kuliko umaarufu wa mhusika yeyote, ndiyo iliyotumika baadaye kufundishia herufi na hesabu. Jane alipunguza uchezeshaji miaka ya 1960 ili kulea watoto, lakini aliendelea kutafuta na kufundisha wachezeshaji wapya, wakiwemo wa Sesame Street.