Aina ya Pili: kanda inayotakiwa na mashine ya treki nne

Mwenye redio kaseti hakuwa na haja ya kusoma maandishi madogo ya kwenye kanda. Enzi zile ulifika Kariakoo, ukaomba kanda tupu ya dakika 60 au 90, ukalipa, ukarudi nyumbani kurekodi kipindi cha salamu. Ikivuma kidogo, basi, salamu zimesikika. Mashine ya treki nne, ile ya kurekodia muziki wako mwenyewe kwenye kaseti, haikusamehe hivyo. Kwenye maandishi yale kuna alama moja inayoamua kama gitaa lako litatoka likiwa angavu au kama limefunikwa blanketi. Alama hiyo ni TYPE II, mara nyingine IEC II au CrO2. Hapa nitaiita Aina ya Pili.

Tuanze na treki zenyewe. Kaseti, tangu Philips walipoitoa mwaka 1963, ina utepe wenye upana wa milimita 3.81 tu. Kwenye redio ya stereo upana huo hubeba mistari minne ya sauti, ndiyo treki: miwili ya upande A na miwili ya upande B, ndiyo maana tunaigeuza. Mwaka 1979 TEAC walitoa Portastudio 144, mashine ambayo hedi yake, kile kichwa kinachoandika na kusoma sauti kwenye utepe, inashika mistari yote minne kwa pamoja, ikienda upande mmoja. Unarekodi ngoma kwenye treki ya kwanza, unarudisha nyuma, unapiga besi kwenye ya pili huku ngoma ikilia masikioni mwako, kisha gitaa, kisha sauti. Bendi zetu za dansi zilipokwenda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wapigaji wote waliingia studio na kupiga pamoja. Kwa treki nne, mtu mmoja katika chumba cha kupanga Sinza anaweza kuwa bendi nzima. Ila upande B hautumiki tena: ukiigeuza kanda utausikia wimbo wako mwenyewe ukienda kinyumenyume.

Sasa hiyo "aina" ni nini? Utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku, na aina ni jina la unga huo. Aina ya Kwanza ni oksidi ya chuma, ndugu yake kutu, na ndiyo iliyojaa mitaani, kuanzia taarabu hadi mahubiri. Aina ya Pili ni kromi dioksidi, au oksidi ya chuma iliyotiwa kobalti, kama walivyofanya TDK kwenye SA na Maxell kwenye XLII. Aina ya Tatu ilichanganya hizo mbili kwa tabaka na haikudumu. Aina ya Nne ni chembe za metali yenyewe.

Kila unga una ukaidi wake. Chembe za sumaku hazipokei sauti kwa uaminifu zikiachwa hivi hivi, kwa hiyo mashine huchanganya sauti yako na mawimbi ya kasi kubwa ambayo sikio haliyasikii, ili kuzilainisha. Mafundi wanayaita bayasi. Aina ya Pili inahitaji bayasi kubwa kuliko Aina ya Kwanza. Deki ya sebuleni mara nyingi ina swichi ya kuchagua, au inatambua aina kwa vitobo vilivyo mgongoni mwa kanda. Mashine nyingi za treki nne hazina swichi hiyo: kiwandani zimefungwa kwenye kipimo cha Aina ya Pili, basi. Ukiweka Aina ya Kwanza, bayasi inazidi na sauti za juu zinafutika zikiwa bado zinaandikwa. Matoazi yanazima, herufi "s" za mwimbaji zinapotea. Ukiweka ya metali ukidhani ghali ndiyo bora, bayasi haitoshi, sauti inakwaruza, na hedi ya kufutia inaweza kushindwa kuifuta rekodi ya zamani ikaisha kabisa.

Mimi nilijifunza hili kwa siku mbili za kazi. Nilirekodi magitaa mawili kwenye kanda ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, nikadhani nyaya ndizo mbovu, nikabadilisha nyaya. Tatizo lilikuwa unga.

Kasoro hiyo inakua kadiri unavyojenga. Treki tatu zikijaa, kawaida unazikusanya na kuzihamishia kwenye ya nne ili zile tatu ziwe huru tena. Kila uhamisho ni kurekodi upya, na ule mvumo wa "shhh" unahama pamoja na muziki, juu ya mvumo mpya. Kanda iliyovumilika kwa sauti ya kwanza haivumiliki tena baada ya uhamisho wa pili.

Urefu nao una neno. Kanda ya dakika 90 haikuongezewa nafasi kwenye kasha, imepunguzwa unene wa utepe. Kazi ya treki nne ni kurudisha na kurudia kipande kimoja mara 30, na utepe mwembamba huvutika, tena sauti ya mzunguko mmoja huweza kuvujia wa jirani, ukasikia mwangwi hafifu kabla wimbo haujaanza. Ya dakika 120 usiiguse. Mimi nachukua ya 60. Portastudio 144 inakimbia sentimita 9.5 kwa sekunde, mara mbili ya redio, kwa hiyo ya 60 inakupa dakika 15 tu, lakini kwa mwendo huo sauti za juu zinakaa vizuri zaidi. Dakika 15 ni nyimbo tatu, zinatosha.

Kanda zinazotengenezwa sasa karibu zote ni Aina ya Kwanza. Aina ya Pili unayoipata ni akiba ya zamani au iliyokwisha kutumika, na kwa unyevu wa Dar es Salaam itazame kwenye mwanga kabla hujalipa. Weupe kama vumbi pembeni mwa utepe ni ukungu, nao utahamia kwenye hedi. Angalia kama kile kipande cha sufi kinachosukuma utepe bado kimeshika. Kama kidude cha kuzuia kufuta kimevunjwa, ziba kwa selotepu, ila kwa deki inayotambua yenyewe usizibe na kitobo cha Aina ya Pili kilicho jirani yake.

Halafu, kabla ya wimbo wa kwanza, rekodi ukimya kwenye treki zote nne, mwanzo hadi mwisho. Usipofanya hivyo, kwaya iliyokuwa upande B itaimba kinyumenyume kwenye treki mbili ambazo hujazifikia.