Chupa ya Nne: Dhana Potofu na Ukweli Katika Kuchagua Single Malt ya Nyumbani

Tuchukue kabati la mtu ambaye tayari ana chupa tatu za single malt, yaani wiski ya kimea cha shayiri iliyotoka kiwanda kimoja: Glenfiddich ya miaka 12, Glenlivet ya miaka 12 na Glenmorangie Original. Ni chupa nzuri na kila moja ina jina kubwa. Hata hivyo, zikimiminwa katika glasi tatu bila mtu kuonyeshwa lebo, wengi watashindwa kuzitofautisha, kwa sababu zote hazina moshi, kwa kawaida hutiwa chupani zikiwa na kilevi cha asilimia 40, na zimekomaa kwa sehemu kubwa ndani ya mapipa yaliyokwisha kutumika Marekani kwa bourbon, wiski ya huko. Mwenye kabati hilo anapokwenda kutafuta chupa ya nne huongozwa na mambo aliyoyasikia barazani au kaunta ya baa, na mengi kati ya hayo humrudisha nyumbani na chupa inayofanana na alizonazo, ila ameilipia zaidi.

“Single malt ni wiski ya pipa moja”

Neno hilo halihesabu mapipa, linahesabu viwanda. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka single malt itengenezwe katika kiwanda kimoja, kwa maji na kimea cha shayiri kinachochachushwa kwa hamira, ikenekwe kwa mafungu katika mitungi, yaani ichemshwe na mvuke wake ukingwe, ikomae Uskoti ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi ujazo wa lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Hakuna linalozuia kiwanda kuchanganya mapipa yake chungu nzima ili chupa ya mwaka huu ilingane na ya mwaka jana, na hivyo ndivyo vingi vinavyofanya. Wiski ya pipa moja ipo pia, lakini lebo yake hulitaja jambo hilo waziwazi na mara nyingi huandika namba ya pipa.

Wala si lazima itoke Uskoti. Bushmills ya Ireland ya Kaskazini, Yamazaki ya Japani, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1923, Amrut ya Bengaluru nchini India na Kavalan ya Taiwan zote zinatengeneza single malt, kila moja chini ya sheria za nchi yake.

“Umri mkubwa ndio ubora”

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu fedha nyingi kuliko zote, kwa hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Namba iliyo kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani ya chupa. Inaeleza muda ambao wiski imekaa ndani ya pipa, lakini haisemi lolote kuhusu hali ya pipa lenyewe. Pipa la mwaloni hutumika mara kadhaa. Mara ya kwanza hutoa vanila, viungo na rangi kwa wingi, mara ya tatu au ya nne linakuwa limechoka kama majani ya chai yaliyochemshwa tena na tena. Miaka 18 ndani ya pipa lililochoka inaweza kuzaa wiski pooza, na miaka 8 ndani ya pipa zuri ikazaa kitu cha kukumbukwa.

Halafu kuna hali ya hewa. Uskoti hupoteza takriban asilimia 2 ya wiski kila mwaka kwa mvuke unaopenya mbao za pipa, na wenyewe huiita fungu la malaika. Katika joto la Bengaluru upotevu huo hufika asilimia 10 kwa mwaka, na pengine zaidi. Tukifanya hesabu rahisi, pipa la Uskoti likikaa miaka 12 linabaki na zaidi ya robo tatu ya kilichowekwa, ilhali la Bengaluru lingebaki na chini ya theluthi. Kwa sababu hiyo Amrut na Kavalan huuza wiski nyingi za miaka michache, tena bila kuandika umri, na anayezipita rafuni kwa kuwa hazina namba anajinyima bure. Hata Uskoti kwenyewe, Ardbeg Uigeadail na Aberlour A'bunadh hazina umri kwenye lebo, na sijawahi kumsikia mnywaji makini akizidharau.

Dhana hiyo ina nduguye: kwamba wiski huendelea kukomaa chupani. Haiendelei. Chupa ya miaka 12 iliyonunuliwa mwaka 2004 na kusahauliwa kabatini bado ni ya miaka 12. Kinachokua ni uadimu wake, na penye uadimu matapeli hawako mbali. Mwaka 2017, katika hoteli moja ya St. Moritz nchini Uswisi, mgeni alilipa karibu faranga 10,000 kwa glasi moja ya wiski iliyoaminiwa kuwa Macallan ya mwaka 1878. Chupa ilipopelekwa kupimwa, kipimo cha kaboni kilichofanywa Chuo Kikuu cha Oxford kilionyesha kwamba kwa kila dalili ilitengenezwa kati ya mwaka 1970 na 1972, na uchunguzi mwingine ukaonyesha kuwa haikuwa hata single malt, bali wiski ya kuchanganywa. Hoteli ilimrudishia mgeni wake fedha. Mwenye chupa tatu hana haja ya kufika huko.

“Jina la eneo linatosha kukuambia ladha”

Kanuni za Uskoti zinatambua maeneo matano: Highland, Lowland, Speyside, Campbeltown na Islay. Wauzaji wanayapenda kwa sababu yanarahisisha maelezo: Islay ni moshi, Speyside ni matunda na asali, Lowland ni wepesi. Ukweli ni kwamba mpaka wa eneo hauamui kinachofanyika ndani ya kiwanda.

Moshi hutokana na mboji ya kinamasi inayokatwa vipande, kukaushwa na kuchomwa chini ya kimea kinapokaushwa. Kiwanda chochote kinaweza kukiagiza kimea cha namna hiyo au kukiacha. Bunnahabhain iko katika kisiwa cha Islay, na wiski yake ya kawaida ya miaka 12 haina moshi wa kutajika. Bruichladdich, pale pale kisiwani, hutengeneza yenye jina la kiwanda bila moshi kabisa, Port Charlotte yenye moshi mzito, na Octomore ambayo hupigiwa mfano duniani kwa wingi wa moshi. Upande wa pili, Benromach ya Speyside na Ardmore ya Highland zina moshi wa wastani. Talisker ya kisiwa cha Skye huwekwa na watu wengi chini ya “visiwani”, lakini kikanuni visiwa hivyo si eneo linalojitegemea. Ni sehemu ya Highland. Springbank ya Campbeltown ndiyo inayovunja hoja hii kabisa: chini ya paa moja hutoka Springbank yenye moshi kiasi, Longrow yenye moshi mwingi, na Hazelburn isiyo na moshi inayokenekwa mara tatu.

Wapo wanaoukwepa mtego wa eneo kisha wakanasa katika namba za moshi. Namba hizo hupima kemikali za moshi katika kimea, kabla ya kukenekwa. Caol Ila na Lagavulin hupata kimea kutoka chanzo kimoja, kiwanda cha kimea cha Port Ellen, chenye kiwango cha moshi kinachokaribiana sana, lakini Caol Ila huja glasini ikiwa nyepesi na safi, Lagavulin ikiwa nzito na ya mafuta mafuta. Tofauti hiyo huzaliwa katika mitungi na namna wapishi wanavyoamua wapi waanze na wapi waishie kukinga kile kinachotona. Yeyote aliyewahi kuona gongo au chang'aa ikipikwa anajua kwamba kinachotangulia, cha katikati na cha mwisho havifanani hata harufu. Umbo la mtungi nalo lina kauli yake: mitungi ya Glenmorangie ni mirefu kiasi kwamba kiwanda huifananisha na twiga aliyekomaa, na katika shingo ndefu namna hiyo mvuke mzito hurudi chini, ukafika juu ule mwepesi tu. Macallan hujivunia kinyume chake, mitungi midogo, na kinywaji chake ni kizito zaidi.

Kwa msomaji wa Pwani ambaye hajawahi kuonja moshi wa Islay, mfano wa karibu ninaoujua si jiko la kuni. Ni ufuo wa Paje mwani ukiwa umetandazwa juani, ukichanganya na harufu ya samaki wa moshi na kachupa ka iodini kalikoachwa wazi katika zahanati. Huo ndio mwelekeo wa Laphroaig. Kuna wanaopenda papo hapo, na kuna wanaouliza kama chupa imeharibika.

“Rangi nzito, pipa la sheri, wiski ya maana”

Rangi haiaminiki, kwa sababu kanuni za Uskoti zinaruhusu karameli ya kupaka rangi, ijulikanayo kwa namba E150a, hata katika single malt. Ujerumani huwalazimu wauzaji kuitaja kwenye lebo. Kwingi kwingine utabaki kukisia, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwa hiari yake kwamba rangi ni ya asili.

Kuhusu sheri, mvinyo wa Uhispania, watu hudhani wiski imeingia katika pipa lililolala miongo mingi na mvinyo nchini Uhispania. Zamani Uingereza ilipokea mapipa yaliyosafirishia sheri, na viwanda vikayachukua yakiwa matupu. Uhispania ilipotaka sheri itiwe chupani huko huko, katika miaka ya 1980, njia hiyo ikafungwa. Mapipa mengi ya leo hutengenezwa kwa ajili ya wiski tangu mwanzo: hujazwa sheri kwa mwaka mmoja au miwili hivi ili mbao zinywe, kisha hutolewa sheri hiyo na kupelekwa Uskoti. Si udanganyifu, na Glenfarclas au GlenDronach ni ushahidi kwamba matokeo yanaweza kuwa mazuri sana; lakini ni vyema kujua unacholipia.

“Kutia maji ni kuiharibu”

Wiski hiyo ilikwisha kutiwa maji kiwandani kabla haijafika asilimia 40. Lililo muhimu zaidi kwa mchaguzi ni kile kinachotokea kati ya 40 na 46. Wiski yenye kilevi cha chini huingia ukungu ikipozwa, kwa hiyo viwanda vingi huipoza na kuichuja ili ibaki angavu, na katika kuchuja huko baadhi ya mafuta yenye uzito wa kinywani huondoka. Inayotiwa chupani kwa asilimia 46 au zaidi mara nyingi huachwa bila kuchujwa hivyo. Jaribu nyumbani: mimina toti moja ya wiski ya namna hiyo, dondoshea maji baridi kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, na uinue glasi kwenye mwanga. Utaona utando hafifu ukijikunja kama moshi wa udi, na harufu zilizokuwa zimejificha nyuma ya ukali wa kilevi zinaanza kutoka. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kiwango cha kilevi kikipunguzwa, guayakoli, ambayo ni mojawapo ya kemikali za harufu ya moshi, husogea juu karibu na uso wa kinywaji, mahali pua inapoifikia.

Utunzaji hauhitaji maneno mengi. Wiski hailazwi kama mvinyo, kwa kuwa kilevi chake kikali hula kizibo. Husimamishwa, mbali na jua la dirishani na mbali na joto la juu ya friji. Chupa iliyobaki robo haifai kuachwa miaka, kwani hewa iliyomo huipunguzia harufu.

Turudi kwenye lile kabati la chupa tatu. Chupa ya nne ichaguliwe kwa kuuliza ni kipi hakimo humo: pipa la sheri, moshi, au kilevi cha juu zaidi ya 40. Mimi ningeweka mbili kwenye mizani. Bunnahabhain ya miaka 12, yenye asilimia 46.3, haichujwi kwa ubaridi, rangi yake ni ya asili, na ina sheri ya kutosha bila moshi. Talisker ya miaka 10, yenye asilimia 45.8, inaleta moshi, chumvi na pilipili manga bila ukali wa dawa. Baa yenye rafu nzuri itakuuzia toti moja ya kila moja kwa sehemu ndogo ya bei ya chupa. Ziagize pamoja na maji pembeni, usimwambie mhudumu unategemea nini, na baada ya nusu saa angalia ni glasi ipi imeisha.