Mkono na mnyiri: viungo vya pweza, ngisi na kiti cha pweza

Maji ya bamvua yanapokupwa na miamba ya Malindi kubaki wazi, wavuvi huchomoa pangoni mnyama ambaye wengi wetu husema ana minyiri minane. Katika elimu ya viumbe, pweza ana mikono minane, na mnyiri hana hata mmoja.

Kinachotenganisha viungo hivyo si urefu, bali mahali vilipo vikombe vya kufyonza. Mkono una vikombe tangu shinani, karibu na mdomo, hadi nchani. Mnyiri ni mwembamba na mtupu, wenye vikombe kwenye bapa la mwishoni tu. Ngisi na dome, jamaa yake, wana mikono minane pamoja na minyiri miwili, ambayo hutupwa mbele kukamata kamba au samaki kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, kisha mikono hulipokea windo na kulishikilia mdomoni. Dome huificha minyiri yake katika mifuko iliyo chini ya macho, hivyo ni rahisi kuhesabu viungo vinane na kumdhania kuwa sawa na pweza.

Viungo hivi havina mfupa. Kama ulimi wa mwanadamu, vimejaa misuli inayopishana, na kwa kuwa ujazo wake haubadiliki, misuli ya kukingama ikibana unene, urefu huongezeka. Kwa njia hiyo pweza huurefusha mkono, huukunja popote apendapo na kuukaza bila kiungio.

Linalostahili kutazamwa zaidi ni neva. Pweza wa kawaida ana takriban seli za neva milioni 500, na karibu theluthi mbili zimo mikononi, si katika ubongo. Ndiyo sababu mkono uliokatwa huendelea kushika na kujipinda kwa muda. Vikombe navyo huonja kile vinachokigusa, uwezo wenye faida kubwa kwa mnyama anayepapasa ndani ya mashimo asiyoyaona. Kwa dume, mkono wa tatu wa kulia kwa kawaida huwa na mfereji na ncha isiyo na vikombe, na huo ndio unaofikisha mbegu kwa jike. Anayetaka kutambua jinsia ya pweza aliyevuliwa na auchunguze mkono huo.

Kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, naye husemwa kuwa na mikono, mara nyingi mitano, lakini ujenzi wake ni mwingine kabisa. Ndani ya kila mkono mna sehemu za mfumo wa kumeng'enya chakula na viungo vya uzazi, na chini yake kuna safu za miguu midogo inayosukumwa kwa shinikizo la maji. Baadhi ya jamii za Linckia, aina ya viti vya pweza waliomo pia katika miamba ya Bahari ya Hindi, huweza kuota mwili mzima kutokana na mkono mmoja uliokatika. Mkono wa pweza hauwezi hivyo, ingawa pweza mwenyewe huotesha mwingine mahali pake.