Je, Wajua Kwa Nini Kupata Hakumalizi Tamaa?

Mtu hutamani simu fulani kwa miezi mingi, akaipata, akaifurahia kwa majuma machache, kisha akaanza kuitupia macho nyingine iliyo bora zaidi. Ni rahisi kumwita mwenye tamaa, na pengine ndivyo alivyo, lakini chanzo cha tabia hiyo kimo katika akili ya kila mmoja wetu.

Akili haipimi wingi wa mali kama mizani ipimavyo uzito. Hupima tofauti, yaani nilichonacho leo dhidi ya cha jana, na changu dhidi ya cha mwenzangu. Kwa sababu hiyo kitu kipya hufurahisha kikiwa kigeni tu, na kikishazoeleka hugeuka kuwa kipimo cha kudai kingine. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani Philip Brickman na wenzake waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wasioshinda, wakakuta kwamba washindi hawakuwazidi wenzao furaha kwa kiasi kikubwa, na tena walionja raha ndogo zaidi katika mambo madogo ya kila siku. Idadi hiyo ni ndogo mno kuwa hoja ya mwisho, ila inatosha kutia shaka imani kwamba ukipata utatosheka.

Vitu navyo huitana. Mwanafalsafa wa Ufaransa Denis Diderot alilalamika mwaka 1769 kwamba joho lake jipya la kuvaa nyumbani lilifanya samani zake zote zionekane duni, hata kiti chake cha majani makavu kikapisha cha ngozi na meza yake ikapisha ya thamani. Alikiri kwamba alikuwa bwana wa joho la zamani, ila sasa amekuwa mtumwa wa jipya. Hakuna alichokihitaji katika mlolongo huo wote.

Upande wa pili wa tamaa ni uchoyo, nao kwa maoni yangu ndio unaotupita bila kuonekana, kwa kuwa mchoyo haombi kitu cha mtu. Anakataa tu kuachilia chake, hata kama ni nguo asiyoivaa tena. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe na wengine hawakupewa. Waliopewa walidai, ili waviuze, takriban maradufu ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, ingawa vikombe vilikuwa vyao kwa muda mfupi tu. Kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha.

Si kila ajiwekeaye akiba ni mchoyo, bila shaka. Aliyewahi kulala njaa ana sababu ya kujaza ghala, na akiba yake ina kusudi na kikomo, ilhali tamaa haina mahali inapojiambia basi.

Wala kung'ang'ania mali si jambo lisilobadilika: mwaka 2003 mwanauchumi John List alionyesha kwamba wafanyabiashara waliozoea kubadilishana bidhaa mara kwa mara hawavithamini vitu kupita kiasi kwa sababu tu vimeingia mikononi mwao, tofauti na wale wanaouza na kununua kwa nadra.