Nyoka mdogo si kuku wa nyama

Hii ni picha ya nne ninayotumiwa tangu Juni ianze. Zote zinafanana: sanduku la plastiki, gazeti limetandikwa chini, nyoka mdogo wa mahindi kajikunja pembeni, na kando yake kitu cha kijivu kilicholowa, ambacho zamani kilikuwa panya. Chini ya picha maneno ni yale yale: “Dokta, nimemlisha vizuri kabisa, kila siku mbili, mbona anatapika?”

Anatapika kwa sababu umemlisha vizuri kabisa, mdogo wangu.

Imani yenyewe naijua kwa moyo. Nyoka akikubali panya, ana njaa. Akila sana atakua upesi. Akikua upesi ndiyo afya. Hayo ni mawazo ya mfuga kuku. Hapa Lubumbashi kila mtaa una mtu aliyejaribu kuku wa nyama: unanunua vifaranga, unamwaga chakula usiku na mchana, wiki ya sita unauza, na kifaranga aliyedumaa ni hasara. Sasa mtu huyo huyo, au mwanawe, anapata nyoka wa gramu 7 na kumtazama kwa jicho lile lile. Lakini kuku wa nyama safari yake ni fupi, inaishia kwenye sufuria, pembeni ya bukari, yaani ugali. Nyoka wa mahindi akitunzwa anaishi miaka 15 hadi 20. Haraka yote hiyo unamwahisha wapi?

Na kabla hamjaniuliza: hapana, hali mahindi. Kwa Kiingereza wamempa jina la mahindi, kwa Kifaransa la ngano, naye hali hata moja. Kwao, kusini-mashariki mwa Marekani, watu walizoea kumkuta ghalani kwa sababu panya walikuwa humo. Mwaka jana mama mmoja wa Katuba aliniuliza, tena bila kucheka, kama uji mwepesi ungemfaa nyoka wa mwanawe wakati panya hawapatikani. Yule walau aliuliza kabla ya kufanya.

Ya msingi nayapitia mbio, yameandikwa kila mahali. Aliyetoka kwenye yai ana sentimita 20 hadi 30, na hali kitu mpaka avue gamba la kwanza, kama wiki moja au zaidi kidogo. Bado ana kiini cha yai tumboni. Baada ya hapo roze mmoja, yaani mtoto wa panya asiye na manyoya, kila siku 5 hadi 7. Akipita gramu 15 unaweza kumpa wawili kwa mlo. Akikaribia 30 anahamia kwa wenye manyoya ya kwanza, akipita 50 kwa wale wanaoanza kurukaruka, hivyo hivyo mpaka panya mzima. Mkubwa anatosheka na panya mzima mmoja kila siku 10 hadi 14. Panya asizidi mara moja na nusu ya unene wa nyoka pale aliponenepa zaidi. Macho yakiwa na ukungu anajiandaa kuvua gamba, mwache. Akishakula usimshike kwa saa 48. Maji yasikosekane. Panya wa kutega jikoni sitaki hata kusikia: jirani yako ameweka sumu, na wewe hujui.

Basi. Sasa tuje kwenye linaloniudhi.

Ratiba zote hizo mnazotumiana kwa simu ziliandikwa na watu ambao sanduku lao lina kipasha joto, kipasha joto kina kidhibiti, na umeme hauzimiki. Kwao “kila siku 5” maana yake ni siku 5 ambazo upande mmoja wa sanduku ulikuwa na nyuzi 28 hadi 30, na upande wa pili 22 hadi 24, ili nyoka achague mwenyewe. Sharti hilo hawaliandiki kwa sababu nyumbani kwao halina haja ya kuandikwa. Wewe umechukua namba ukaacha joto.

Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai nje kunaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nyumba ni ya bati, sakafu ni ya saruji, na sanduku la nyoka liko wapi? Sakafuni, kwa sababu mama hataki kuliona mezani. Hapo hapo inaingia delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, saa mbili usiku mpaka asubuhi. Chumba changu cha Kampemba, ambacho nakiita chumba chenye joto, kimewahi kusoma 15 alfajiri.

Ndani ya tumbo linatokea hivi. Wewe ukila sombe usiku wa baridi, mwili wako unajitengenezea joto lake na kazi inaendelea. Nyoka joto analiazima. Akipoa, asidi na vimeng'enya vya tumboni vinapungua kasi, na yule panya mzima, na utumbo wake, na vijidudu vilivyomo kwenye utumbo huo, yumo tu anasubiri. Kuanzia hapo ni mashindano kati ya kumeng'enywa na kuoza. Kwenye baridi kuoza kunaweza kutangulia. Nyoka akihisi hivyo anamtoa, na anafanya vizuri kumtoa. Kijana wa picha ya nne nilimwambia amguse nyoka wake tumboni kwa mgongo wa kidole. Akajibu: “Dokta, ni kama chupa ya Fanta.” Na ndani ya chupa hiyo ya Fanta alikuwa ametia panya wawili kwa siku tatu.

Kwa hiyo mimi sihesabu siku tangu alipokula. Nahesabu siku zilizokuwa na joto. Usiku mbili zikipita bila umeme, wiki yangu inakuwa siku 9 au 10. Nikisikia mtaa wetu utakatiwa leo, leo hakuna kula, hata kama nyoka ametoa kichwa na kunitazama kama mtoto dirishani kwa jirani wakati wa chakula. Kwa nyoka mdogo mwenye mwili mzuri, wiki moja au mbili bila kula si msiba. Kule kwao kipupwe kikali wanakaa miezi bila kula.

Wengine wananiuliza kuhusu mbabula, jiko la makaa. Msithubutu! Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanaua kimya kimya, nyoka na mwenye nyoka. Mimi natumia maji moto. Chupa ya lita moja na nusu iliyofungwa kitambaa inapoa ndani ya saa chache, haifiki usiku wa manane. Bidoni, yaani dumu, ya lita 5 ndani ya blanketi kuukuu, ikiwa imeegemezwa upande mmoja tu wa sanduku, inafika alfajiri ikiwa vuguvugu. Upande mmoja tu, nasema, ili akiona moto umezidi aende zake. Na ununue kipimajoto. Mkono wako unakudanganya, mkono wako una damu moto.

Akishatapika, jambo la kwanza watu wanalofanya ni kumpa panya mwingine “arudishe nguvu”. Hiyo ndiyo inayowaua. Koo limechubuliwa na asidi, tumbo limevurugika, na wewe unaongeza kazi. Akitapika mara mbili mfululizo akiwa na gramu 9, mimi nyumbani kwake nachukua muda mrefu zaidi kumwandaa mtoto mwenye nyoka kwa msiba kuliko kumtibu nyoka. Unamwacha na maji na joto, kisha unaanza na mlo wa nusu ya kawaida, roze mdogo kuliko wote. Unamwacha siku ngapi? Wapo wanaosema 10, wapo wanaosema 14. Mimi husema 14, na nikiri kwamba hapo ni woga unaonisemesha kuliko hesabu. Niliwahi kusema 10, nikajuta.

Kuhusu kukua, tafadhali acheni kupima kwa utepe. Nyoka hanyooki, utepe unadanganya, na mnamchosha bure. Pimeni uzito. Mimi nina mizani ndogo ya wauza vito na kopo tupu la margarini. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kula na siyo baada, namweka koponi, nafunika, nasubiri namba itulie. Haitulii upesi, anazunguka humo ndani kama maji kwenye ndoo iliyobebwa na mtoto, namba inapanda inashuka, mpaka akubali kwamba hakuna mlango. Naandika kwenye daftari. Namba ya Jumapili moja haina maana. Ameenda haja, amepungua gramu 1, na mtu ananipigia simu saa tano usiku! Tazama Jumapili nne kwa pamoja.

Ninao wawili waliotoka kwenye mayai ya mama mmoja, walifika kwa barabara kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mmoja nilimpa jina kwa kiburi, Nguzo. Wa pili ni Kijiti. Wakati ule na mimi nilikuwa mfuga kuku kama nyinyi. Nguzo alikuwa na tamaa, basi nikampa mara mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu, wageni wakija. Kijiti alikuwa mwoga wa kula, akawa anapata mlo mmoja kila siku 6 au 7. Walipotimiza mwaka, Nguzo alikuwa na gramu 190, Kijiti 85. Nilimpiga picha Nguzo pande zote. Kijiti nilimwonea aibu.

Leo wana miaka minne. Nguzo ana sentimita 118. Kijiti 112. Sentimita sita tu! Chakula chote kile cha mwaka wa kwanza kilinunua vidole vitatu vya urefu. Kilichobaki kimekwenda penginepo: Nguzo akijikunja, ngozi inaonekana kati ya magamba, na kuanzia nyuma ya tumbo hadi mkiani ana tuta kama aliyemeza kitu asichokitoa. Nimempunguzia chakula kwa mwaka mzima, amepungua kidogo sana. Mafuta ya nyoka hayana haraka ya kuondoka kama yalivyokuwa na haraka ya kuja.

Je, Kijiti ataishi zaidi? Natamani kusema ndiyo, ingenipa hoja nzuri. Lakini nyoka wawili si utafiti, na mmoja kati yao alikuwa mlafi tangu yai. Ninachoweza kuapa ni hiki: gramu 85 kwa mwaka haikumdumaza.

Ile kanuni kwamba mlo uwe asilimia 10 ya uzito wa nyoka nayo mnaitumia kama amri ya kanisa. Kwa mdogo wa chini ya gramu 50 inasaidia, hata ukipita kidogo hadi 15. Lakini peleka kanuni hiyo kwa nyoka wa gramu 300: panya wa gramu 30 kila wiki. Hutakuwa na nyoka, utakuwa na gunia la unga lenye macho. Kadiri anavyokua, panya anazidi ukubwa lakini siku zinarefuka. Mimi kwa kweli siku hizi namtazama mgongo kuliko ninavyotazama asilimia. Ukiona mgongo umechongoka kama paa la nyumba, anakonda. Ukiwa wa mviringo kama mkate, na mkia unapungua polepole bila kidato, mwache alivyo.

Kuna na wale wanaosema sanduku dogo linamdumaza, ati nyoka anakua kulingana na nyumba. Uongo. Chakula na joto ndivyo vinavyomkuza. Tena mtoto ukimtupa kwenye sanduku kubwa lisilo na pa kujificha anaweza kukataa kula kwa hofu, halafu mnasema ni mgonjwa.

Kijana wa picha ya nne alinielewa, au alisema amenielewa. Siku 14, maji, bidoni. Kisha akatuma ujumbe mwingine: ana roze watano waliozaliwa Jumapili, afanye nao nini, maana baada ya siku 14 watakuwa na manyoya na macho wazi, na nyoka wake hatawaweza. Nikamwambia awaache kwa mama yao wanyonye, panya jike anabeba mimba siku 20 hivi, hatakosa wengine. Akanyamaza kama dakika kumi. Halafu: “Dokta, na kama nampa mmoja tu leo, yule mdogo kabisa?”

Nikamwuliza kipimajoto kinasema ngapi. Akapiga picha. Nyuzi 17.