Maji ya Kahe hayatoki kwenye theluji

Nikishuka Kahe, tambarare iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, kupima maji ya chemchemi ya Miwaleni, swali ni lile lile. Safari ya mwisho aliyeuliza ni mama mmoja, miguu yake ikiwa bado ndani ya jaruba la mpunga: "Mwanangu, hiyo theluji ikiisha, sisi tutamwagilia nini?"

Theluji ile, mama, haimwagilii jaruba lako. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Inaniuma kuitazama ikiisha. Lakini sehemu yake kubwa haishuki kama maji: jua na upepo mkavu wa kileleni huigeuza mvuke papo hapo, ikapotelea angani. Kinachofika mtoni ni kidogo mno.

Maji yako yanatoka msituni. Upande wa kusini wa mlima, kwenye mita 2,000 na ushei, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kahe hampati hata nusu ya hiyo. Na mvua si yote. Ingia msitu wa juu asubuhi isiyo na tone la mvua, utalowa mabega. Ukungu unapita, kuvumwani iliyoning'inia matawini kama ndevu inaunasa, na mti mzima unadondosha. Maji hayo yanazama kwenye mboji, yanapenya nyufa za miamba ya volkano, yanasafiri gizani hadi kuibuka huku chini: Miwaleni, Chemka, Njoro. Yale ya upande wa kaskazini yanavuka mpaka bila pasipoti na kuibukia Amboseli, Kenya, kwenye mabwawa ya tope na mafunjo ambako ng'ombe wa Wamaasai na tembo hunywa wakati tambarare yote imekauka.

Kwa hiyo mimi nikisikia moto mlimani, silali. Ule wa Oktoba 2020 ulihitaji mamia ya watu na siku nyingi kuuzima; Oktoba 2022 ukawaka mwingine. Msitu wa juu ukiungua mara kwa mara haurudi ulivyokuwa. Vinaota vichaka vifupi, na kichaka kifupi hakinasi ukungu kama mti uliovaa kuvumwani. Miti iliyoteketea mlimani imetunyang'anya maji mengi kuliko barafu iliyotoweka, ila moshi haupigwi picha za kadi kama kilele cheupe.

Kati ya msitu na Kahe kuna vihamba, yaani mashamba ya nyumbani: migomba, kahawa chini yake, na mifongo, mifereji ya asili inayopita kingoni. Wachagga wameichimba mifongo hiyo kwa vizazi vingi. Kila mfongo una zamu zake. Usiku maji hukusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la mfongo, asubuhi yakafunguliwa. Banio la kuchepusha maji ya mto likibomoka unaitishwa msaragambo, kazi ya pamoja, na asiyetokea hutozwa faini. Wapo wataalamu wenzangu wanaoiona mifongo kama upotevu mtupu, kwa sababu ni ya udongo na inavuja. Sikubaliani nao moja kwa moja. Sehemu ya maji yanayovuja kihamba cha juu hurudi ardhini na kumfikia jirani wa chini. Kinachonisumbua zaidi ni mabomba na pampu zinazovuta mtoni mchana na usiku bila zamu wala mzee wa kuuliza, halafu kiangazi mto unafika tambarare ukiwa mchirizi. Bado hapo bwawa la Nyumba ya Mungu linasubiri maji yake, na baada yake mitambo ya umeme ya Hale na Pangani.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama msaragambo wa kuchimba njia za kuzuia moto huko juu unaweza kuwaita na watu wa Kahe. Nilimwambia sijawahi kuona wakiitwa. Akasema yeye angepanda, na wenzake wa skimu ya umwagiliaji wangepanda, mradi wapewe taarifa kabla ya kuvuna.